Daftari la Dereva

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika nyumba moja ya kambi ya polisi methali hiyo haikuwa pambo la mazungumzo, bali ilikuwa sheria. Mama wa nyumba hiyo alikuwa akiuza maandazi asubuhi, na unga, sukari, mafuta na makaa yote yaliandikwa katika daftari la shule lililoning'inizwa kwa uzi karibu na jiko. Mumewe, sajini aliyekuwa dereva kwa zaidi ya miaka ishirini, naye alikuwa na kitabu chake cha gari: kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, lita za mafuta, na sahihi. Mtoto wao wa kiume tu ndiye aliyekuwa hana daftari lolote, ilhali naye alikuwa akitumia mali kila usiku, yaani umeme wa wazazi wake na saa za ujana wake.

Kijana huyo alikuwa amezama katika mbio za magari za kompyuta. Asiyezijua hudhani ni mchezo wa watoto, lakini sivyo. Mchezaji huketi mbele ya kioo cha kompyuta akiwa ameshika usukani unaomvuta mikono kama usukani wa kweli, na miguuni ana pedali za mafuta na breki. Programu huhesabu uzito wa gari, joto la tairi na namna zinavyoshika lami, na barabara zenyewe zimenakiliwa kutoka viwanja halisi kwa vipimo vya leza. Yeye alitumia Assetto Corsa Competizione, programu ya Kitaliano iliyotoka mwaka 2019, na kiwanja alichokipenda kilikuwa Monza, karibu na mji wa Milano, kilichofunguliwa mwaka 1922 na chenye mzunguko wa mita 5,793.

Kwa miezi minne mzunguko wake mzuri kuliko yote ulikuwa wa dakika 1 na sekunde 54. Rafiki aliyeshindana naye kwa intaneti, kwa gari la aina ile ile, alitumia dakika 1 na sekunde 48. Sekunde 6 zaonekana kidogo, lakini maana yake ni kwamba rafiki alipokata mstari, kijana alikuwa bado nyuma kwa takriban mita 300.

Sababu hakuzikosa. Usukani wake ulikuwa wa mtumba. Tairi hazikupata joto. Umeme ulikuwa ukipungua nguvu. Zaidi ya yote alikuwa akirudia kusema, "Breki hazishiki." Usiku mmoja sajini alikuwa akipita mlangoni alipolisikia neno hilo, akasimama. Hakusema kitu. Alivuta kiti, akaketi nyuma ya mwanawe.

Aliyejibu ni mama, kutoka jikoni alikokuwa akikanda unga wa kesho. "Mwanangu, daftari lako liko wapi?"

Daftari lilikuwepo, ila hakuwahi kulifungua. Magari ya mashindano hufungwa vyombo vidogo vinavyopima mwendo, breki, mafuta na usukani, na kuandika vipimo hivyo mara nyingi katika kila sekunde. Kazi hiyo huitwa telemetria, neno lenye asili ya Kigiriki na maana ya kupima kutoka mbali. Programu za mbio za kompyuta nazo zaweza kuandika vivyo hivyo bila chombo cha ziada, kwani kila kipimo kimo tayari ndani ya hesabu zake. Katika programu ya kijana yule ilitosha kufungua ukurasa wa kurekebisha gari, kwenda sehemu ya vifaa vya elektroniki, na kuweka idadi ya mizunguko ya kuhifadhiwa. Mafaili yake husomwa kwa i2, programu ya kampuni ya MoTeC ya Australia, ambayo hupatikana bure.

Aghalabu anayeanza hukata tamaa hapa, maana mistari humjia kwa wingi kama nyuzi za mkeka. Hana haja ya kuisoma yote. Minne yamtosha kwanza: mwendo, mafuta, breki na usukani. Jambo la kuzingatia ni kwamba mistari hiyo ipangwe kwa umbali, si kwa muda. Ikipangwa kwa muda, gari la kasi na gari la polepole hazitakuwa mahali pamoja, na mlinganisho utapotea. Ikipangwa kwa umbali, mita ya 600 ya huyu iko juu ya mita ya 600 ya yule. Kisha huongezwa mstari wa tano, unaoonyesha tofauti ya muda kati ya mizunguko miwili. Pale unapopanda, ndipo muda unapopotea.

Kijana alishika masharti: gari moja, kiwanja kimoja, mafuta sawa katika tangi, hali ya hewa ile ile, mizunguko kumi bila kubadili kitu. Aliuchagua ulio bora, akaulaza juu ya mzunguko wa rafiki yake, ambaye alikuwa amempelekea faili lake.

Katika Monza gari huja kwa njia iliyonyooka likiwa na zaidi ya kilomita 260 kwa saa, kisha hutakiwa kushuka hadi chini ya 80 ili lipite kona ya kulia inayofuatwa papo hapo na ya kushoto. Miezi yote kijana aliamini kwamba rafiki yake alikuwa na ujasiri wa kuchelewa kukanyaga breki. Mistari ilikataa. Wote wawili walianza karibu mahali pamoja. Tofauti ilikuwa katika mguu. Breki ya rafiki ilipanda wima kama mlingoti hadi juu kabisa, kisha ikashuka taratibu kadiri gari lilivyopungua mwendo, kwani katika kasi kubwa upepo huligandamiza gari chini na tairi hushika zaidi, na kasi ikipungua msaada huo huondoka. Breki ya kijana ilipanda polepole kama kilima, ikafika asilimia 60, ikakaa hapo, halafu ikaruka juu kwa hofu wakati gari lilipokwisha kutakiwa kukata kona.

"Breki zilikuwa nzima," alisema sajini kwa sauti ndogo.

Kijana alidhani anasemwa yeye. Lakini baba yake hakuwa akitazama kioo tena. Alieleza kwamba miaka mingi nyuma, mwanawe akiwa bado mchanga, aliendesha gari la kazi katika mteremko wakati wa mvua, likapinduka konani. Konstebo mmoja kijana alivunjika mguu ambao haukupona sawasawa, na baadaye akaacha kazi. Katika taarifa sajini aliandika kwamba breki zilikataa. Fundi hakuona kasoro, lakini dereva alisifika kuwa hodari, na neno lake likapita. Ukweli ni kwamba alikuwa katika mwendo usiofaa na alikanyaga akiwa amechelewa. Kitabu cha gari kiliandika kilomita na lita, hakikuandika mguu.

Jikoni sauti ya kukanda unga ilikuwa imekoma. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Hatimaye kijana aliuliza, "Baba, yule konstebo yuko wapi sasa?" Baba akautaja mji.

Tangu usiku ule kijana aliacha kulaumu vifaa, akafuata kanuni ya kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Juma la kwanza alijifunza kukanyaga kwa nguvu mapema na kuachia taratibu. Juma la pili alishughulikia kona ya mwisho, Parabolica, ambayo tangu mwaka 2021 imepewa jina la dereva Michele Alboreto. Hapo mstari wake wa mafuta ulikuwa kama meno ya msumeno: alikanyaga mapema mno, akaachia, akakanyaga tena. Baada ya kona hiyo ipo njia ndefu iliyonyooka, na kosa dogo husafiri nalo lote. Gari linalokwenda mita 60 kwa sekunde humaliza mita 1,000 kwa sekunde 16.7, linalokwenda mita 58 hutumia sekunde 17.2. Nusu sekunde imekwenda, na mwenyewe hakuhisi kitu. Alijifunza kungoja kidogo, kisha kukanyaga mara moja bila kurudi nyuma. Baada ya miezi miwili alifika dakika 1 na sekunde 50. Rafiki yake bado hajampata, lakini sasa ajua ni wapi na kwa nini.

Kipimo cha kweli hakimchukii mtu wala hakimpendelei. Humwonyesha alipokosea, na hapo ndipo pa kuanzia kujirekebisha. Anayekikwepa hubaki na sababu zake, na sababu hazikati kona.

Jumapili iliyofuata usiku ule, sajini alivaa shati safi, akapanda basi la alfajiri kwenda kwa yule konstebo wa zamani. Waliyozungumza huko hakuyasimulia. Asubuhi hiyo mama alikuwa amemfungia maandazi ishirini ya kupeleka, na kama ilivyo desturi yake aliyaandika katika daftari. Katika safu ya bei aliandika kwamba ni deni la nyumba.