Mchanga Uliopata Jina

Haja ndiyo mkunga wa maneno. Mahali penye kazi mpya hapakosi msamiati mpya, na katika Tanzania ni pachache ambapo jambo hili huonekana waziwazi kama katika nchi ya dhahabu, tangu Kahama katika Mkoa wa Shinyanga hata Geita, karibu na Ziwa Victoria.

Wachimbaji wadogo wa huko hawakungoja Baraza la Kiswahili la Taifa, ijapokuwa baraza hilo limekuwako tangu mwaka 1967. Duara, ambalo kwa mwanafunzi ni mstari wa mviringo ubaoni, kwao ni shimo ambalo mtu hushuka kwa kamba na kupanda, akijaliwa, na jiwe. Mwalo, ambao kwa mvuvi ni mahali pa kupakulia samaki, kwao ni mahali pa kuoshea dhahabu. Mashine ya kusagia mawe waliisikia ikiitwa kwa jina la Kiingereza lenye konsonanti mbili zilizokumbatiana mwanzoni. Wakazitenganisha kwa irabu, likawa karasha, na wingi wake makarasha. Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao husafishwa tena ili kutafuta kilichosalia, wakauita marudio. Kitenzi rudia kimevuliwa irabu yake ya mwisho, kikavikwa ma- mbele na -o nyuma. Hapana mwanasarufi atakayelitia ila neno hilo.

Walakini neno lililopata sifa kuliko hayo yote halikuzaliwa shimoni. Kwa miaka mingi migodi mikubwa ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote ya Kahama, ilipeleka ng'ambo unga wa mawe yaliyosagwa na kuchujwa, hata ukabaki wenye shaba, dhahabu na madini ya fedha kwa wingi zaidi, ili ukayeyushwe huko. Watu waliuita mchanga. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji huo. Makontena 277 yakachunguzwa bandarini Dar es Salaam, na mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa taarifa yake. Katika siku hizo neno makinikia lilitoka katika karatasi za wataalamu, likaenea magazetini, sokoni na ndani ya daladala.

Limeundwaje? Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kukusanya fikira na kwa kukusanya nguvu ya kitu katika kiasi kidogo. Makinikia ya Kiswahili ilikuwa na maana ile ya kwanza tu. Mfasiri alichukua neno la akili akalipa jiwe, na kwa aliyelisikia mara ya kwanza ilikuwa kana kwamba makontena yamejaa uangalifu! Umbo lake nalo lina ukaidi. Likilinganishwa na marudio, lingepaswa kuwa makinikio. Tena ma- yake si kiambishi hata kidogo: ni sehemu ya shina la makini, neno lenye asili ya Kiarabu. Lakini wasemaji waliiona ma- hiyo wakasema makinikia haya, makinikia yale, kama wasemavyo maji na mafuta. Ndivyo wazee wetu walivyokipokea kitabu kutoka kwa Waarabu, wakadhani ki- yake ni kiambishi, wakapata vitabu. Kosa kama hilo likiishi miaka mingi huitwa kanuni.

Mchanga, kwa upande wake, ni neno lisilo na dosari. Mtoto huuchezea, mjenzi huununua kwa lori, na apelekaye mchanga haulizwi amebeba nini. Neno hilo safi lilikuwa limeifunika mali kama blanketi. Kiasi cha dhahabu kilichokuwamo kilibishaniwa vikali baina ya Serikali na kampuni ya Acacia, na shauri hilo haliamuliwi kwa sarufi. Hata hivyo, kitu chenye jina lake chaweza kupimwa, kutozwa kodi na kutajwa katika mkataba. Na neno lililoundwa vibaya lilifanya kazi ambayo neno zuri halikuifanya.

Mialoni kwenyewe makinikia halina kazi nyingi. Huko mchanga ungaliko katika marundo yake, ukingoja maji kwa mara ya pili, na mwenye rundo, akiulizwa analinda nini usiku kucha, hujibu kwamba analinda marudio.