Njiti Nne za Kibiriti

Twakiri kosa. Mama yetu, akaaye nasi hapa Kaloleni, Arusha, alipoanza kuuliza mara kwa mara kama amekwisha swali Adhuhuri, tulicheka: “Uzee huo, Mama.” Akaacha kuuliza, akawa huswali tena kwa siri.

Huko Hai, njia ya Moshi, miaka ya 2010 matabibu waliwapima wazee kwa njiti nne za kibiriti, wazipange kwa umbo waliloonyeshwa. Hata asiyejua kusoma hupimika. Upungufu mdogo wa kumbukumbu si lazima uwe maradhi makubwa. Kwa wengine husimama, hata hupungua. Lakini yafaa tabibu ajue mapema, nasi tulichelewa mwaka mzima.

Mama angali apika, na wageni awapokea. Akiuliza, hujibiwa kama aulizaye mara ya kwanza.