Kichwa Chini, Miguu Juu

Songambele ni jina lenye amri ndani yake. Mkaazi wa huko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kila alitajapo kwao hujihimiza mwendo. Lakini mgomba ulio nyuma ya nyumba yake humsomesha somo jingine. Mkungu hushuka kichwa chini, ua lake likaelekea ardhini; kisha ndizi, moja baada ya moja, hujipinda zikatazama juu. Autazamaye mgomba hathubutu kusema kuwa kuinama ni kushindwa.

Watu wa yoga waliliona jambo hilo katika mwili wa mwanadamu. B.K.S. Iyengar, katika kitabu chake Light on Yoga cha mwaka 1966, aliuita mkao wa kusimama kwa kichwa mfalme wa mikao yote. Asimamaye kutwa, damu humlemea miguuni. Miguu ikiinuliwa, damu huteremka kuelekea moyoni kwa wepesi. Mishipa ya shingo huhisi wingi huo, ikauashiria moyo upunguze kasi. Ndipo utulivu unapoingia.

Hata hivyo, mfalme ana ushuru wake. Dai kwamba ubongo huoshwa kwa damu mpya ni dhaifu, kwani ubongo hujipimia wenyewe damu yake. Jicho halina uwezo huo: msukumo ndani yake hukaribia kuongezeka maradufu. Mwenye glakoma, mwenye shinikizo la damu na mwenye maradhi ya shingo na wajiepushe.

Mjini Nairobi, Africa Yoga Project ilianzishwa mwaka 2007, baada ya Mmarekani Paige Elenson kukutana na vijana wa sarakasi waliokuwa wakisimama kwa mikono. Miili ya vijana wa namna hiyo yaweza kumbeba mfalme. Je, mama wa Songambele arudiye shambani? Tangu alfajiri ameinama na jembe, kisha akajitwisha mkungu. Kumwambia asimame kwa kichwa ni kuiongezea mzigo shingo iliyokwisha kuchoka. Kwake upo mkao mpole, viparita karani: alale chali mkekani, miguu aiegemeze ukutani kwa dakika chache. Hahitaji mwalimu wala mavazi. Ahitaji mtu wa kukitazama chungu jikoni na kumpokea mtoto mgongoni, na huyo ndiye adimu.

Watunzi wa tarbia wanaijua faida ya mgeuzo mdogo. Mishororo mitatu hufuata vina vyake. Katika mashairi mengi, ufikapo wa nne, kina cha mwisho huhamia kati, na ubeti mzima ukapata pumzi. Mizani ni ile ile. Mahali tu pamebadilika.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Miguu ya mama huyo imengoja chini mchana kutwa. Jioni, nyumba yake na impe zamu ya kupanda.