Nani Kashika Namba Moja?

Kama ulisoma shule ya msingi katika nchi hii huna haja ya kuelezwa maana ya kushika namba. Siku ya kufunga shule tulipangwa mistari uwanjani, wazazi wamekaa kivulini, mwalimu mkuu kashika daftari. Wa kwanza akiitwa anapigiwa makofi na kupewa madaftari mawili na kalamu. Wa mwisho naye anajulikana, hata asipoitwa. Ukifika nyumbani hakuna anayekuuliza umejifunza nini. Swali ni moja tu: "Umeshika namba ngapi?"

Swali hilo nilikua nalo. Ila sikujua kwamba hata makampuni makubwa ya dunia hupangwa mistari na kupewa namba. Nilikuja kulijua hilo mwaka 2015, nikiwa chuo Mwanza, siku moja nilipokuwa natafuta habari za pamba kwa ajili ya kazi ya darasani.

Kumbe ziko ofisi Ulaya na Marekani ambazo kazi yake ndiyo hiyo: kuyapima makampuni kwa uendelevu. Neno lenyewe linatisha bure. Maana yake ni kula leo bila kumaliza cha kesho. Je, kampuni inachafua mito? Inawalipa wafanyakazi wake sawasawa? Inamdhulumu anayelima? Ofisi moja ya mji wa Munich, Ujerumani, iliyoitwa Oekom Research, ilikuwa ikitoa alama kama zetu za shule, kuanzia A+ kushuka mpaka D-. Mwaka 2011 ofisi hiyo ilitangaza kwamba kati ya makampuni yote ya maduka ya rejareja duniani, lililoshika namba moja kwa uendelevu ni Coop la Uswisi.

Nikaendelea kusoma, mara moyo ukanipiga paa! Miongoni mwa vitu ambavyo Coop inajivunia ni nguo zake ziitwazo Naturaline, zilizoanza kuuzwa mwaka 1993, ambazo hushonwa kwa pamba hai, yaani pamba isiyotiwa sumu wala mbolea ya dukani. Na pamba hiyo hulimwa India na Tanzania. Tanzania gani? Mwandoya, wilaya ya Meatu. Kwetu! Kule ambako nikimtajia mtu wa Mwanza naulizwa, "Ndiyo wapi huko?"

Basi ngoja nikueleze ni wapi. Unatoka Bariadi, unakula vumbi kupitia Kisesa, unaingia kwenye mbuga za Wasukuma ambako ng'ombe ni wengi na mvua ni ya kubahatisha. Mtama, viazi, michembe ya kiangazi, na pamba. Pamba ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari. Mwaka 1994 alifika huko mfanyabiashara wa nyuzi kutoka Uswisi, Patrick Hohmann, mwenye kampuni ya Remei, ambaye tayari alikuwa ameanza kazi kama hiyo India. Ikazaliwa bioRe Tanzania. Mkulima anaingia mkataba, anafundishwa, anaapa kuacha sumu, na pamba yake inanunuliwa kwa bei ya soko pamoja na nyongeza ya asilimia 15. Wazee wengine walicheka. Kulima pamba bila dawa? Funza watakuachia nini? Baba yangu alikuwa mmoja wa waliocheka, halafu akajiunga.

Nieleze kidogo namna inavyofanyika, maana wengi wanadhani ni kuacha tu shamba lijiendee. Badala ya mbolea ya dukani ni samadi. Katikati ya mistari ya pamba unapanda mistari ya alizeti. Wadudu waharibifu huvutwa na alizeti, na sisimizi nao hupanda huko kuwatafuta, wakala mayai na funza wadogo. Kwa hiyo sisimizi ndio askari wako. Hali ikizidi unatwanga mwarobaini, unauloweka usiku kucha, unachuja, unanyunyiza. Ni kazi. Palizi peke yake itakuvunja mgongo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa Februari 2009, nipo kidato cha pili. Wakati ule Meatu tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Baba alikwenda msibani, akakaa huko karibu juma zima, akaniachia shamba. Mwaka ule alizeti yetu ilichelewa. Funza wa vitumba hawakuchelewa. Asubuhi nilikuta maua yamedondoka chini, na kila kitumba nilichokichuma kina tundu. Nikatwanga mwarobaini mpaka viganja vikachubuka. Nikanyunyiza. Kesho yake funza wapo, wamenenepa.

Jirani yetu wa ng'ambo ya njia alikuwa akilima pamba ya kawaida. Alikuwa amemaliza kupiga dawa, chupa imebaki nusu. Akaniita, "Kijana, baba yako akirudi unataka akute mavuno au akute miti?" Nikaichukua. Nikasubiri jua lizame, nikajitwisha bomba mgongoni, nikapiga kama nusu eka, upande wa nyuma usioonekana njiani. Halafu nikaosha bomba mara tatu, kama muuaji anayeosha panga.

Baba alirudi, akazunguka shamba, hakusema kitu. Siku ya pili akaniita upande ule wa nyuma. Akachuchumaa chini ya alizeti, akafukua udongo kwa kidole. "Sisimizi wamekwenda wapi?" Nikanyamaza. Akauliza tena, taratibu, "Nakuuliza, ng'wana wane, sisimizi wa upande huu wamekwenda wapi?" Nikasema yote.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Mkaguzi alikuja baadaye na pikipiki, kijana mwenye faili na ramani ya shamba. Alimwamkia baba shikamoo, akakagua majani, akaingia stoo kuangalia bomba, akauliza maswali, akaandika. Alipotoa karatasi ili baba atie sahihi, baba akasema, "Bado. Upande wa nyuma hujafika." Akampeleka mwenyewe. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, nawaona kwa mbali wakiongea. Waliporudi, yule kijana alikuwa na huzuni kuliko sisi. Alisema, "Mzee, mimi kule nisingegundua kitu." Baba akajibu, "Ndiyo maana nimekupeleka."

Kanuni ni kanuni. Shamba letu likatolewa kwenye orodha, ardhi ikatakiwa kupitia upya miaka ya mpito. Pamba yetu mwaka ule iliuzwa kama ya kawaida, bila nyongeza hata senti. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000, lakini michango ndiyo iliyotushinda, na wadogo zangu nao walikuwa wanasubiri. Kuanzia Julai mpaka Septemba nilichunga ng'ombe wa baba mdogo huku wenzangu wakisoma. Kijijini watu walisema mzee kajichongea mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwaunga mkono. Kosa lilikuwa langu, lakini hasira zote nilimtupia yeye. Nilikaa na hasira hizo miaka.

Basi Desemba 2015 nilirudi likizo nikiwa na karatasi mbili nilizochapisha chuoni. Nilimkuta baba anapanda. Jua lilipokuwa kali tukakaa chini ya mti, nikamsomea ya kwanza, ile ya Coop.

"Kwa hiyo duka hilo limeshika namba moja?"

"Ndiyo, baba. Duniani."

"Kwa pamba ya hapa?"

"Kwa mambo mengi. Pamba imo."

Akafikiri. "Huyo aliyetoa namba, alifika hapa?"

Nikamweleza nilivyosoma: kwamba wapimaji wa aina hii kwa kawaida husoma taarifa zinazotolewa na makampuni yenyewe, hufuatilia magazeti na mashirika yanayolalamika, na wengine huyapelekea makampuni maswali yajaze. Hata ile orodha maarufu ya Dow Jones, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilitegemea sana majibu ya makampuni yenyewe.

"Yaani mwanafunzi anajisahihishia?"

"Siyo kabisa, baba. Ila karibu na hapo."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema sisi hapa tuna madaraja mawili tu ya pamba, safi na fifi, na hata hayo mawili watu wanagombana mbele ya mizani wakiwa wameishika pamba mkononi. Sasa mtu anawezaje kuchambua dunia nzima kwa karatasi?

Nikamsomea karatasi ya pili. Septemba mwaka huohuo, Volkswagen ya Ujerumani ilitajwa na orodha hiyo ya Dow Jones kuwa ya kwanza kati ya makampuni ya magari. Siku chache baadaye serikali ya Marekani ikatangaza kwamba Volkswagen iliweka programu kwenye injini za dizeli ili gari likiwa kwenye kipimo litoe moshi safi, na likiwa barabarani litoe moshi wake halisi. Magari kama milioni 11 duniani! Mwezi Oktoba ikaondolewa kwenye orodha. Na haikuwa mara ya kwanza, maana mwaka 2010 BP nayo ilikuwa ndani ya orodha hiyohiyo wakati kisima chake cha mafuta kilipolipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11. Iliondolewa baada ya mafuta kumwagika.

Baba hakucheka tena. Aliuliza, "Hao wa magari, nani aliwagundua?"

Nikamwambia ni watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia. Walifunga vipimo nyuma ya magari, wakayaendesha barabarani maelfu ya kilomita.

"Basi hao ndio wapimaji," akasema. "Walipanda gari."

Tangu siku ile nimesoma zaidi. Mwaka 2022 watafiti watatu, Florian Berg, Julian Kölbel na Roberto Rigobon, walichapisha uchunguzi juu ya wapimaji sita wakubwa wa mambo haya. Kama wapimaji wote wangekubaliana kabisa, kipimo cha kulingana kwao kingekuwa 1. Kwa wastani kilikuwa 0.54 tu. Ni kama kumpa mtoto mmoja walimu sita wasahihishe karatasi moja, mmoja akampa namba tatu, mwingine namba ishirini na tano. Utamwambia nini mzazi wake?

Lakini tusiwe watu wa kubeza tu. Mama anayenunua fulana Zürich hawezi kuja Mwandoya kufukua udongo chini ya alizeti. Namba ndiyo macho yake. Na makampuni, kama watoto wa shule, yanaogopa aibu. Bila hamu hiyo ya kuonekana mazuri, nani Ulaya angekubali kulipa zaidi kwa pamba iliyotunzwa na sisimizi? Nyongeza iliyonisomesha mwaka uliofuata ilitoka kwenye hamu hiyohiyo, maana baba mdogo naye alikuwa mkulima wa pamba hai, na ndiye aliyenirudisha shule.

Ninachosema ni kwamba kuna kupima kwa aina mbili. Kwenye pamba hai, wakaguzi wa ndani hupita kwa kila mkulima, halafu wakaguzi wa nje huja kuchagua wachache na kuangalia kama wale wa ndani walikagua kweli. Miguu inaingia shambani. Kule juu kwenye namba moja na namba mbili, mara nyingi ni karatasi inayosoma karatasi. Namba ya juu imesimama juu ya miguu ya huku chini. Ikikosekana miguu, namba ni hewa.

Na hata miguu haitoshi. Yule kijana wa pikipiki alifika, alitembea, alikagua, na asingegundua. Kama baba angetia sahihi, pamba yetu ingeingia kwenye nyuzi, ikashonwa, ikauzwa kama safi, na duniani asingejua mtu. Namba moja ya mwaka 2011 isingepungua chochote. Ilikuwa safi upande wetu kwa sababu mzee mmoja aliitoa pamba yake mwenyewe, na mwanawe akachunga ng'ombe miezi mitatu. Jambo hilo halina mstari wake kwenye fomu yoyote. Kwenye hesabu za mwaka ule baba alikuwa mtu aliyeondolewa kwenye orodha, basi. Aliyesema ukweli alishika mkia.

Siku ile chini ya mti nilitaka kumwomba radhi kwa ile miaka ya hasira. Nilishindwa. Nilimwuliza tu kama anajuta.

Baba alikunja zile karatasi mbili, akazitia mfuko wa shati. Shamba lilikuwa limesharudi kwenye orodha. Akasimama, akachukua jembe, akasema, "Waandikie hao wanaotoa namba. Waambie wakija waje mwezi wa pili, funza wakiwepo. Mwezi wa saba pamba ya kila mtu ni nyeupe."