Uvumbuzi Upi Unapita Wote?

Ninyi mnajua desturi ya parokia nyingi. Misa ya pili ikiisha, akina mama wanasalimiana mlangoni, watoto wanakimbilia mpira, na wanaume wanatafuta kivuli wapate kubishana. Sisi vilevile. Chini ya mwembe wa misioni yetu, kando ya ziwa Tanganyika, tumekwisha kubishana juu ya mahari, juu ya siasa na juu ya bei ya samaki. Lakini ubishi uliotushika kuliko wote ulianza kwa swali la mtoto wa shule. Mwalimu alikuwa amempa kazi ya kuandika: katika mambo yote yaliyovumbuliwa na watu, na yote yaliyotokea duniani, lipi ni kubwa kupita mengine? Akaja na karatasi yake nyeupe, akifikiri sisi wakubwa tutamjibu kwa neno moja.

Wa kwanza kusema alisema vema: jambo kubwa ni kuzaliwa kwa Bwana wetu Yezu Kristu. Mzee katekista akamjibu kwa upole, “Hilo si la kubishania, mwanangu. Hata yule anayelikana anahesabu miaka yake kwa hilo. Mtoto anauliza juu ya kazi za watu.” Basi tukaliweka mahali pake, tukaendelea.

Mmoja akataja gurudumu, mwingine umeme. Vijana wote kwa sauti moja wakataja simu ya mkononi. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya garimoshi miaka mingi akataja reli, akatukumbusha kwamba reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani mwaka 1915. Tukacheka, maana kila mtu alisifu kile kilichompa ugali.

Kisha kijana mmoja aliyesoma Lubumbashi akasema neno lililotunyamazisha. “Bomu la atomiki,” akasema, “na mawe yake yalitoka kwetu.” Ni kweli. Karibu na Likasi kuna mgodi wa Shinkolobwe. Mwaka 1940 tani zipatazo 1,200 za mawe yake zilipelekwa New York, na baadaye Wamarekani wakazinunua kwa kazi yao ya siri. Tarehe 6 Agosti 1945, siku ile Kanisa linapokumbuka Bwana wetu alivyogeuka sura mlimani, bomu likaangushwa juu ya Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe. Siku tatu baadaye la pili likapasuka Nagasaki, juu ya mtaa wa Urakami, karibu na kanisa kuu la Wakristu ambao mababu zao walishika dini kwa siri zaidi ya miaka 200 pasipo padri. Waliochimba mawe yale hawakuambiwa yatakwenda kufanya kazi gani. Kwa ukubwa wa moto, labda kijana alishinda. Lakini hatukutaka kumpa Kaini zawadi.

Mwalimu wetu mmoja akasimama upande wa kupiga chapa vitabu. Akasema juu ya Gutenberg wa Mainz, aliyemaliza Biblia yake karibu na mwaka 1455. Mwingine akamkatiza: Wakorea walipiga chapa kitabu kwa herufi za chuma mwaka 1377. Wakaanza kugombana juu ya nani wa kwanza, nasi tukachoka kidogo.

Hapo mzee katekista akakunja mkono wa shati yake, akatuonyesha kovu la mviringo begani. “Mnajua hii ni nini? Ni ndui isiyonipata.” Wazee wote wakatazama mabega yao. Vijana hawana kovu hilo, wala hawajui kwa nini hawana.

Sisi tuliokuwa tumesoma kidogo habari hizo tukaanza kuzisimulia, na tunakiri kwamba tulisimulia kwa kujivuna. Watu wengi wanadhani kuchanja kulitoka Ulaya. Lakini katika mji wa Boston kulikuwa na mtumwa Mwafrika, jina lake Onesimus. Yeye alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, ya kwamba katika nchi yake watu huchanjwa kwa usaha wa ndui, wakaugua kidogo, wasiugue tena. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari mmoja akajaribu maneno ya mtumwa. Akawachanja watu zaidi ya 240, wakafa 6. Wale walioshikwa bila kuchanjwa, karibu mmoja katika kila watu saba alikufa. Na Onesimus, nani anamjua?

Baadaye, mwaka 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner akaona njia iliyo salama zaidi. Alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe mkononi mwa msichana mkamuaji, akamchanja mtoto wa miaka 8, na ndui ya watu haikumpata tena. Wale waliojifunza Kilatini watakumbuka kwamba vacca ni ng'ombe. Ndiko lilikotoka neno ambalo Wafaransa wanaitia chanjo.

Lakini dawa ile ilioza upesi. Itavukaje bahari? Tarehe 30 Novemba 1803 merikebu moja ilitoka bandari ya La Coruña, Hispania, kwenda Amerika. Ndani yake walikuwamo watoto yatima 22, wavulana wa miaka 3 hadi 9, na mama mlezi wao, Isabel Zendal. Wawili wawili walichanjwa. Vidonda vyao vilipokomaa, usaha wake ukatiwa wawili wengine, hata wakafika ng'ambo. Vyombo vya dawa vilikuwa mikono ya watoto wasio na baba wala mama. Mama mmoja aliposikia hayo akapiga ishara ya msalaba, akauliza kama walirudishwa kwao. Tulimjibu kwamba walibaki Meksiko. Hakupendezwa, nasi vilevile.

Hata ziwa letu lina mchukuzi wake. Ng'ambo, kule Karema, Adrien Atiman alitibu watu tangu mwaka 1889 mpaka kufa kwake mwaka 1956. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta.

Mwishowe zikapatikana dawa kavu isiyoharibika upesi kwa joto, na sindano ndogo yenye ncha mbili. Wachanjaji wakapita kijiji kwa kijiji, kwa gari, kwa mtumbwi, kwa miguu. Katika nchi yetu ndui ilikoma mwaka 1971, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani kote. Tangu Jenner ilikuwa imepita miaka 184.

Tukadhani tumeshinda ubishi. Kumbe mama yule, ambaye ni wa Lejio ya Maria, alikuwa bado na neno.

“Chanjo ya surua ilivumbuliwa lini?” akauliza.

Tukamwambia: ilianza kutumiwa mwaka 1963.

“Wangu alikufa mwaka 2019.”

Hakuna aliyefungua kinywa. Mwaka ule watu wote walisema juu ya Ebola, iliyoua zaidi ya watu 2,200 upande wa Kivu na Ituri. Surua iliua zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo, na magazeti ya dunia yaliandika machache. Yeye alikuwa amekwenda na mtoto mara mbili kwenye zahanati. Mara ya kwanza aliambiwa friji haina mafuta ya taa na dawa imeharibika. Mara ya pili aliambiwa arudi juma lijalo. Juma lijalo mtoto alikuwa amekwisha kutoka vipele.

“Ninyi mnatafuta aliyevumbua,” akasema. “Mimi namtafuta wa kuileta kutoka hospitali mpaka hapa.”

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yetu, hakukasirika. Akaeleza kwamba chanjo inatolewa kila Jumatano hospitalini. Sanduku la barafu lipo. Pikipiki yao imekufa tangu Pasaka. Kutoka hospitali ni kilometa 38, na mvua ikinyesha kivuko hakipitiki mpaka mchana.

Chini ya mwembe tulikuwamo wenye pikipiki watano na wenye baisikeli nzuri wengi. Katekista akamwomba yule mtoto karatasi yake. Akaandika Jumatano zote mpaka Noeli, na jina la mtu mbele ya kila moja. Zamu ya kwanza ikatuangukia sisi. Mtoto akaomba karatasi nyingine kwa ajili ya mwalimu wake.