Mamluki wa Katoro

Stand United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, Shinyanga ilishangilia kama imepata mvua. Timu ile ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi, na wenyewe tuliiita Chama la Wana. Mwaka uliofuata Mwadui nao wakapanda wakiwa na kocha Jamhuri Kihwelo, Julio. Mimi nilikuwa beki wa kati katika timu ya daraja la chini, yenye mshahara wa ahadi. Mechi za wakubwa nilizitazama uwanja wa Kambarage nikiwa jukwaani.

Pesa ya kula tuliipata kwenye ndondo, mashindano ya mitaani. Wenye mashimo ya dhahabu huko Katoro, Lwamgasa na Nyarugusu walikuwa na timu zao, na ng'ombe akishawekwa kuwa zawadi, walisaka mamluki. Simu ilipigwa Ijumaa usiku. Alfajiri tuko ndani ya basi: Usagara, kivuko cha Kigongo hadi Busisi, Sengerema, Geita, kisha Katoro. Uwanja hauna nyasi, mistari imechorwa kwa majivu, wachimbaji wamejaa hadi pembeni mwa uwanja. Ukimkosa winga, unawasikia walioweka dau wakikutukana kisogoni. Lakini posho ulipewa papo hapo, mkononi.

Jumatatu njumu zilikuwa kwa fundi viatu wa stendi. Alibandua soli yote, akapaka gundi, akaianika juani, kisha akashona kwa uzi wa nailoni kuzunguka ncha ya kiatu, maana ngozi huanzia hapo kuachia. Yule mzee ametuweka mpirani miaka mingi kuliko kocha yeyote, na sijui kama kuna aliyewahi kumshukuru.

Kitu tulichokiogopa ni goti. Pacha wangu wa beki ya kati aliumia Nyarugusu, kwenye mechi isiyo na mkataba wala bima. Tulimchangia matibabu, lakini mpira ukawa umeishia hapo. Alikuwa bora kuliko mabeki wengi niliowaona Ligi Kuu, na hilo nitalisema popote.

Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alipoibuka mfungaji bora kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, nilimpigia simu yule pacha wangu. Siku hizi anaendesha bodaboda Kahama. Tulibishana hadi salio likakata: yeye angemkabaje Mpole? Alishikilia kwamba asingemruhusu ageuke hata mara moja.