Usikimbilie kukata mkorosho kwa sababu ya kikohozi



Mikorosho ikianza maua hapa Kibiti, napigiwa simu nyingi za ubwiriunga na salfa. Mama mmoja alinipigia kwa jambo lingine: akate mikorosho miwili iliyo nyuma ya nyumba? Mtoto wake ana pumu, na kila maua yakichanua hubanwa kifua usiku.

Nusura nimwambie akate. Nikaenda kwanza kuangalia. Maua yalikuwepo kweli. Lakini salfa ilikuwa imepulizwa asubuhi ileile karibu na dirisha la mtoto, mifuko mitupu ilikuwa inachomwa uani, na tanuru la mkaa la jirani lilikuwa linafuka. Kupulizia salfa niliwafundisha mimi. Habari ya dirisha sikuwahi kuigusa. Hilo ni kosa langu.

Chavua ya mkorosho inaweza kuleta mzio, ila ni nzito na inanata, hivyo hubebwa zaidi na wadudu kuliko upepo. Hewa ikichafuka mambo hubadilika. Masizi hugandia chavua. Gesi za moshi, hasa wa magari, zinaweza kubadilisha protini zake, mwili ukazikataa kwa nguvu zaidi. Chavua yaweza pia kupasuka vipande vidogo vinavyofika ndani ya mapafu. Na moshi na vumbi la salfa tayari vimewasha njia ya hewa. Mwenye pumu anaumizwa mara mbili.

Kabla ya kushika shoka, fanya haya:

- Pulizia salfa alfajiri, umande ukiwepo na upepo umetulia. Vaa barakoa na miwani. Mgonjwa na watoto waondoke kwanza.
- Usichome mifuko ya salfa. Salfa ikiungua hutoa gesi inayobana kifua.
- Tanuru na takataka zisichomwe upande unaoleta upepo nyumbani. Ndugu zangu wa delta, kumbukeni hili mnapochoma mashamba ya mpunga.
- Mpeleke mtoto kituo cha afya, na dawa zake asiache. Mimi si daktari.

Raundi iliyofuata, siku 14 baadaye, mtoto alilala kwa bibi yake, na mifuko haikuchomwa. Aliporudi alilala vizuri. Usiku mmoja hautoshi kuthibitisha, lakini mikorosho ile miwili ndiyo sare na madaftari yake. Tusafishe hewa kwanza.

Kazi njema.